Lindo la saa 24, walinzi wawili: hesabu ya majengo yetu Tanga haikai

Msimamizi_Chumbageni (mleta uzi)

Wakuu, salaam aleikum, habari za Jumapili.

Kila nikipita humu nakuta mnajadili bandari, bomba la mafuta la Chongoleani, viwanja vya Pongwe na Kange vilivyopanda bei. Ni kweli, nyumba zinajengwa na wageni wanakuja. Ila sijaona mtu akiuliza nani atalinda hayo majengo, nani atapiga deki, nani atapanda juu kuangalia tenki. Mimi kazi yangu ni kusimamia majengo ya watu hapa mjini, yale ya maduka chini ofisi juu, na nyumba chache za kupangisha upande wa Raskazone. Kuta na mabati sina shida navyo. Leo nataka tuzungumze watu.

Nianze na ulinzi, maana pale hesabu iko wazi.

Wiki ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Gawanya, unapata 3.7. Maana yake lindo moja la usiku na mchana linataka watu wanne, na wakianza kupokezana likizo zao za siku 28 hata hao wanne wanabanwa. Sasa nenda jengo lolote pale mjini uhesabu. Utakuta wawili. Mmoja anaingia saa 12 asubuhi, mwenzake anapokea saa 12 jioni, Jumatatu hadi Jumatatu. Kila mmoja anapiga saa 84.

Atatokea wa kusema "si wanalipwa ovataimu". Kwanza hawalipwi. Pili, ovataimu yenyewe ina ukomo: saa 50 ndani ya wiki nne, yaani 12 na nusu kwa wiki. Jumlisha na zile 45, unafika 57 na nusu. Zinabaki saa 26 na nusu kila wiki ambazo hakuna karatasi ya kuzihalalisha, hata mlinzi asaini kwa dole gumba na kwa furaha. Na sheria hiyohiyo inataka mtu apumzike saa 24 mfululizo kila wiki. Huyu wa kwetu anapumzika akifiwa.

Tuje kwenye pesa. Natumia kima cha chini cha zamani makusudi ili mtu asiseme nimepandisha. Amri ya mshahara ya 2022 iliweka 148,000 kwa mwezi kwa kampuni ndogo za ulinzi na 222,000 kwa kubwa. Chukua hiyo ndogo:

Walinzi wanne, 592,000.
NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, upande wa mwajiri asilimia 10, 59,200.
Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi asilimia 0.5, 2,960.
Tozo ya kuendeleza ujuzi (SDL) asilimia 3.5 kama kampuni ina watu 10 au zaidi, 20,720.
Nyongeza ya usiku, asilimia 5 ya ujira wa saa kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, kama 11,000 na kitu.

Unafika karibu 686,000 kwa mwezi. Hapo bado sare, buti, tochi, msimamizi wa zamu, faida ya kampuni na VAT. Na tangu Januari 2026 kuna amri mpya iliyopandisha wastani wa kima cha chini sekta binafsi kutoka 275,060 hadi 358,322, kwa hiyo leo ni zaidi. Sasa mwenye jengo anaposema "nina laki nne na nusu, anayetaka aje" na kampuni tatu zikagombea, mnadhani hiyo tofauti inatoka wapi? Inatoka kwenye usingizi wa mlinzi na kwenye NSSF yake.

Halafu jengo linalipa kimyakimya. Pampu inazunguka bila maji usiku kucha hadi inaungua, kwa sababu aliyekuwa zamu ameunga siku nzima baada ya mwenzake kutokuja. Mwenye jengo anatoa pesa ya pampu mpya bila kinyongo, lakini mlinzi wa tatu anaona ghali.

Nimesema ya ulinzi, usafi ni yaleyale. Mafundi ndiyo kabisa. Mnaofanya kazi hizi, wenye kampuni na wenye nyumba, karibuni tupeane ukweli. Msitaje kampuni wala ofisi ya mtu tafadhali.

---

Mla_Tasi

Mkuu, kule kwetu tulikuwa na mlinzi anabadilishwa kila mwezi mpaka tukampa jina la utani la mji wetu Tanga: waja leo waondoka leo. Nakaa hapa nasoma.

---

Mwenye_Tenda

Mleta uzi umeongea vizuri ila umetubebesha sisi. Nina kampuni ndogo ya ulinzi na usafi. Ngoja niwape upande wa pili.

Ukiweka bei yenye watu wanne kwenye lindo, tenda hupati. Mimi nimewahi kuweka hesabu kamili kwa barua, nikaambiwa "ndugu, wenzako wameweka nusu". Hata kwenye NeST, ule mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma, mwisho wa siku bei inabishana na bei. Mwaka wa kwanza nilikataa kushusha nikabaki na malindo mawili. Mwaka uliofuata nikashusha kama wengine.

Halafu malipo. Mteja anakaa miezi mitatu hajalipa hati ya madai, na ukienda unaambiwa mhasibu kasafiri. Mlinzi hawezi kusubiri miezi mitatu. Nakopa kwa riba ili nilipe mishahara, na hapo ndipo michango ya NSSF inapoanza kurukwa. Sisemi ni sawa. Nasema hivyo ndivyo inavyokuwa.

Na watu wenyewe hawakai. Tangu gati lichimbwe kufika kina cha mita 13, meli zinafunga moja kwa moja, vibarua vinatoka. Meli ikiingia leo, kesho asubuhi walinzi wawili simu hazipatikani. Wakirudi wanasema walikuwa msibani Muheza. Misiba ya Muheza inafuata ratiba ya meli, sijui kwa nini.

---

Msimamizi_Chumbageni

Mwenye Tenda, hapo kwenye meli nimecheka. Lakini jiulize: kibarua cha bandarini hakina uhakika hata wa wiki, na bado mtu anaacha lindo lako la mwezi mzima akakimbilie huko. Ukimpa siku moja ya kupumzika na pesa yake tarehe inayojulikana, utambakiza hata kama bandarini siku moja inalipa zaidi. Tuna jengo moja ambalo mshahara unatoka tarehe ileile kila mwezi, pesa si nyingi kuliko kwingine. Wale walinzi hawaondoki.

La malipo kuchelewa nakuunga mkono. Wenye majengo tuna dhambi hapo.

---

Bibi_Deki

Kwa wakubwa shikamooni, wadogo marahaba. Mimi ni mfanyakazi wa usafi, mwanangu ndiye ananiandikia.

Nimefanya usafi jengo moja tangu huyu anayeandika yuko darasa la kwanza, sasa ana mtoto. Kampuni zimekuja na kuondoka. Mimi sijatoka. Kinachobadilika ni rangi ya sare. Ya kwanza ilikuwa bluu, ikaja kijani, sasa ni zambarau. Kila kampuni ikiingia tunaitwa, tunaambiwa wewe ni mpya, saini hapa, miezi mitatu. Ikiisha tunasaini tena mitatu. Likizo naijua kwa jirani yangu mwalimu. Nikiuliza kampuni mpya wanasema "mama, hujafikisha mwaka". Nikimuuliza wa zamani anasema tenda yangu imekwisha, mtafute aliyeingia.

Sabuni ya choo ile kali tunapewa bila glavu. Vidole vyangu havishiki sindano tena, na mimi nilikuwa mshonaji wa kofia.

Swali langu kwa wenye elimu: ile miaka yangu iko kwa nani?

---

Afisa_Mstaafu

Mama, marahaba wewe, shikamoo zako tunazirudisha. Mimi si wakili, nilikuwa afisa utumishi, lakini mambo haya nimeyala miaka mingi. Swali lako ndilo zito kuliko yote humu, acha nilijibu taratibu.

Kwa sheria kila kampuni ni mwajiri tofauti, kwa hiyo anayeingia hakosei sana anaposema kwake wewe ni mpya. Kosa lipo kwa anayetoka. Mkandarasi akipoteza tenda na kuachia watu, hiyo ni kupunguza wafanyakazi kwa sababu za kiuendeshaji. Anatakiwa atoe taarifa, akae na nyinyi mzungumze, alipe notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, alipe likizo ambayo hamkuchukua, na kama umetimiza mwaka kwake akulipe kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Wengi hawalipi kwa sababu siku ya makabidhiano mfanyakazi anawaza asiachwe na anayeingia, hathubutu kumdai anayetoka. Kampuni zinajua hilo.

Hiyo mikataba ya miezi mitatu ina siri yake. Kinga ya kuachishwa isivyo haki haimhusu mtu mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Basi wanaona wakikata vipande vya mitatu mitatu hufiki sita. Wanajidanganya. Mikataba ikirudiwa bila kukatika, unahesabiwa utumishi wa mfululizo, na sheria inasema kutohuishwa mkataba ambao mfanyakazi alikuwa na matarajio ya haki kuwa utahuishwa nako ni kuachishwa. Tena sheria ilivyotungwa 2004 mkataba wa muda maalumu uliwekwa kwa wataalamu na kada ya uongozi. Marekebisho ya 2025 yaliongeza mazingira mengine, kama kazi za msimu na ongezeko la muda la kazi. Kupiga deki korido ileile kila siku ya Mungu si kazi ya msimu.

Mengine ya haraka, maana naona mtayauliza:

Mkataba wa maandishi mwajiri akishindwa kuuonyesha, ni juu yake kuthibitisha mlichokubaliana. Kwa hiyo "hukusaini chochote" ni tatizo lake kabla ya kuwa lako.

Mali ikiibwa lindoni, hawezi kufyeka mshahara mzima. Aandike, akupe nafasi ya kujitetea, kosa liwe lako kweli, na makato yasizidi robo ya mshahara.

Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kuachishwa unapeleka ndani ya siku 30, madai mengine siku 60. Kufungua hakulipiwi. Hizo siku 30 ndizo zinazoua watu, maana wanakaa wakisubiri "bosi atatuita".

---

Mla_Tasi

Afisa, hilo la robo ya mshahara ningelijua mapema. Shemeji yangu alikatwa mshahara wote kwa mabomba ya shaba ya kiyoyozi yaliyong'olewa nyuma ya jengo, na yeye lindo lake lilikuwa geti la mbele.

---

Mtu_wa_Dunda

Naingilia kutoka Bagamoyo. Huku kwetu hakuna hata kampuni ya kulaumu.

Kuanzia Mapinga, Kerege, Zinga hadi Kiromo kuna nyumba za watu wa Dar, nyingine zimekwisha, nyingine zimeishia kwenye linta. Kila moja ina mtu ndani. Huyo mtu ni mlinzi, mtunza bustani, fundi mdogo, msimamizi wa mafundi, na siku ya sikukuu ni mpishi. Analala banda la uani na familia. Mshahara unakuja kwenye simu bosi akikumbuka. Akiuliza anaambiwa "si unakaa bure?" Kukaa kwenyewe ndiyo kazi! Akiondoka usiku mmoja madirisha ya aluminiamu hayapo.

Hoteli za ufukweni nazo zina lao. Masika yakiingia wageni wanapungua, wafanyakazi wanaambiwa nendeni nyumbani tutawaita. Hakuna barua, hakuna nusu mshahara. Wakiitwa tena Juni, wale wazuri wameshapata Zanzibar au Dar, hoteli inafundisha upya kutandika kitanda. Kila mwaka. Kisha meneja analalamika vijana wa Bagamoyo hawana nidhamu.

---

Koki_Kuu

Fundi bomba na umeme mdogo mdogo, mjini Tanga. Mnazungumza walinzi, mimi niwaambie jinsi jengo linavyokufa kwa upande wetu.

Majengo ya zamani hapa mjini hayana ramani ya mabomba. Iliyokuwepo ililiwa na mchwa au ipo ofisi ambayo hakuna anayejua funguo. Ramani ni fundi. Anajua koki kuu imefukiwa chini ya ngazi, anajua bomba la ghorofa ya pili linapita kwa mtu wa kushona nguo, anajua swichi ya pampu ukiigusa kwa kidole kimoja inakaa na ukiibonyeza kwa nguvu inaruka. Huyo fundi analipwa kwa kuitwa. Haumwi, hana likizo, hayupo kwenye hesabu ya mtu. Siku akipata kazi kwenye miradi ya Chongoleani anaondoka na jengo lote kichwani.

Niliitwa jengo moja maji yanamwagika ghorofa ya juu, tumetafuta pa kufungia mpaka tukapiga simu kwa fundi wa zamani. Akauliza kwanza: "Na yale malimbikizo yangu?" Tulimtumia pesa palepale, ndipo akasema koki iko nyuma ya kabati la jenereta. Nilimheshimu sana.

Na huku bahari haisamehe. Kiyoyozi cha Raskazone kinaliwa na chumvi kabla kile cha Korogwe, mbali na bahari, hakijaanza kupauka. Kinataka kuoshwa na kupakwa mara kwa mara na mtu anayekijua. Ukibadilisha fundi kila miezi michache, kila mmoja anasema cha mwenzake kimeharibika, nunua kipya.

Vijana wenzangu mliojifunzia mtaani: VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanao utaratibu wa kurasimisha ujuzi, unapimwa kwa unachokijua unapata cheti bila kuanza darasani upya. Umeme msiuchezee, leseni inatoka EWURA, wadhibiti wa nishati na maji. Nilipopata cheti niliweza kumwambia mwenye jengo "sasa niandikie mkataba". Si wote wanakubali, lakini mazungumzo yanakuwa mengine.

La mwisho, tenki. Msimwambie mfanya usafi aingie kulisugua kwa sababu ni mwembamba. Hewa ya mle ndani na dawa za kusugulia hazina masihara. Kuna sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya 2003, OSHA, wakala wa usalama kazini, wanakagua, na mchango wa fidia kwa mtu wa 148,000 ni shilingi 740 kwa mwezi. Mia saba na arobaini! Mtu anakataa kulipa hiyo, kisha mfanyakazi akianguka kwenye ngazi anachangisha hospitali ya Bombo kwa kundi la WhatsApp.

---

Msimamizi_Chumbageni

Koki Kuu, hilo la malimbikizo nalichukua kama lilivyo.

Niseme tulichoanza kufanya kwenye majengo ninayosimamia, si yote, ni yale ambayo wenyewe wamekubali.

Kwenye mkataba na kampuni tumeweka kwamba hati ya madai inakuja pamoja na risiti ya NSSF ya mwezi uliopita na orodha ya majina. Bila hiyo hatulipi. Upande wetu tumejifunga tunalipa ndani ya siku 14. Mwenye Tenda, kipengele cha pili bila cha kwanza ni zawadi, na cha kwanza bila cha pili ni unafiki, kwa hiyo vinakwenda pamoja. Wafanyakazi nao wanaambiwa waangalie michango kwenye simu zao, wasitegemee karatasi yangu.

Tunaandika pia idadi ya watu kwa kila lindo. Kampuni ikileta bei ambayo haitoshi mishahara ya hao watu na michango yao, tunaiweka kando kabla hata ya kuangalia kingine.

Mkandarasi akibadilika, anayetoka anazuiliwa malipo ya mwezi wa mwisho hadi aonyeshe amewalipa watu stahiki zao. Anayeingia anatakiwa awape nafasi ya kwanza waliopo. Bibi Deki, hii hairudishi miaka yako ya nyuma, nakuwia radhi, lakini kampuni uliyonayo sasa hakikisha unabaki na nakala ya kila karatasi unayosaini. Na glavu ni haki yako leo, si mpaka mwaka uishe.

Mafundi tumewapa mkataba wa matunzo ya kila mwezi badala ya kuitwa, na kuna daftari la jengo. Koki iko wapi, pampu ilifunguliwa lini, nani alifanya. Fundi wa kwanza alikataa kuandika, akasema nikiandika mtanifukuza. Alikuwa na haki ya kuogopa. Ndiyo maana mkataba ulitangulia, daftari likafuata.

---

Mwenye_Tenda

Siku 14 ukinilipa, nakuletea risiti ya NSSF na picha ya mhasibu akiishika. Hilo nakubali hadharani.

---

Nyumba_Tatu_Makorora

Mimi mwenye nyumba. Mnaongea kama sisi wote tuna maghorofa. Nina fremu nne za maduka na vyumba juu. Hiyo 686,000 inakula kodi ya fremu mbili. Nifanyeje, nife?

---

Msimamizi_Chumbageni

Hapana ndugu yangu, usife. Usinunue lindo la saa 24 kama uwezo ni wa usiku. Saa 12 kila usiku ni saa 84 kwa wiki. Gawanya kwa 45, watu wawili wanatosha kihalali, wanapokezana usiku na usiku. Kwa hesabu ileile ya zamani ni 296,000, NSSF 29,600, fidia 1,480. Jumla 327,080 ukiwaajiri mwenyewe, ongeza nyongeza ya usiku na kima kipya. Mchana wenye maduka wapo.

---

Nyumba_Tatu_Makorora

Hiyo naielewa. Lakini sasa hivi ninao wawili hao hao usiku na mchana kwa pesa karibu na hiyo.

---

Afisa_Mstaafu

Basi unao watu wawili wa usiku, na mchana unawadhulumu. Waite uwaambie kuanzia mwezi ujao wanaingia usiku tu, kwa mshahara uleule, na uwaandikie mikataba.

---

Nyumba_Tatu_Makorora

Na geti la asubuhi afungue nani?

---

Mla_Tasi

Muuza chapati. Huyo saa 11 alfajiri keshafika.